Fauja Singh

Fauja Singh (1 Aprili 1911 – 14 Julai 2025) alikuwa mkimbiaji wa marathoni kutoka Punjab, Uhindi, aliyekuwa raia wa Uingereza. Anajulikana kwa sababu alirudi kwenye mbio akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, akakimbia marathoni yake ya kwanza akiwa na miaka 89 chini ya kocha Harmander Singh. Mwaka 2011 alimaliza marathoni akihesabiwa kuwa na umri wa miaka 100.

== Maisha ya awali ==
Fauja Singh alizaliwa katika kijiji cha Beas Pind, wilaya ya Jalandhar, katika familia ya wakulima wa dini ya Singasinga. Utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu na myembamba, hakuweza kutembea mpaka alipofikisha miaka mitano. Katika ujana wake alipenda kukimbia, lakini aliacha wakati Uhindi ilipogawanywa mwaka 1947. Baada ya hapo aliendelea na kilimo na kulea watoto. Hakupata elimu ya shule.

== Kurudi kwenye mbio ==
Mke wake alifariki mwaka 1992. Mwaka 1994 mwanawe Kuldip alikufa katika ajali iliyotokea mbele ya macho yake. Huzuni hiyo ilimlemea sana. Alihamia kwa mwanawe mwingine huko Ilford, mashariki mwa London, na huko alianza tena kutembea na kukimbia ili kuituliza nafsi yake.

Alipoamua kushiriki marathoni alimwendea Harmander Singh, kocha wa kujitolea aliyefundisha wakimbiaji katika eneo la Redbridge. Siku ya kwanza ya mazoezi alifika akiwa amevaa suti kamili pamoja na kizibao. Kocha alianza kwa kumbadilishia mavazi, kisha akampangia mazoezi ya kuongeza umbali kidogo kidogo. Kwa kuwa Fauja alizungumza Kipunjabi, kocha alikuwa pia mkalimani na msemaji wake.

Mwaka 2000 alikimbia London Marathon, yenye urefu wa kilomita 42.195, na kumaliza kwa saa 6 na dakika 54. Alikimbia kwa ajili ya kuchangia shirika la kusaidia watoto wanaozaliwa kabla ya wakati.

Hakula nyama. Kwa kawaida alitembea na kukimbia polepole hadi kilomita 16 kwa siku. Alieleza kwamba maili 20 za kwanza za marathoni si ngumu, na sita za mwisho alizikimbia huku akizungumza na Mungu.

== Matokeo ==
* 2000: London, saa 6:54
* 2003: Toronto, saa 5:40 (muda wake bora)
* 2011: Toronto, saa 8:11
* 2012: London, saa 7:49 (marathoni yake ya mwisho)

Siku chache kabla ya marathoni ya Toronto ya 2011, alikimbia mbio nane za uwanjani kwa siku moja katika jiji hilohilo. Mita 100 alizimaliza kwa sekunde 23.14, na mita 5,000 kwa muda wa chini kidogo ya dakika 50.

== Suala la umri ==
Pasipoti yake ya Uingereza ilionyesha kuwa alizaliwa tarehe 1 Aprili 1911, na alipotimiza miaka 100 alipokea barua ya pongezi kutoka kwa Malkia Elizabeth II. Hata hivyo hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa vijijini Punjab vizazi havikuandikishwa wakati huo. Kwa sababu hiyo kitabu cha Guinness kilikataa kumtambua kuwa mtu mzee kuliko wote kumaliza marathoni.

== Kustaafu na kifo ==
Mwaka 2012 alibeba mwenge wa Olimpiki huko London. Aliacha mashindano mwezi Februari 2013 baada ya mbio za kilomita 10 huko Hong Kong, lakini aliendelea kutembea kila siku kwa ajili ya afya. Mwaka 2015 alitunukiwa nishani ya British Empire Medal.

Tarehe 14 Julai 2025 aligongwa na gari alipokuwa akitembea karibu na kijiji alichozaliwa, akafariki siku hiyohiyo.