Vita vya Maji Maji: Swali Lililochelewa

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya shamba la serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tangu 1902 walikuwa wakilimishwa pamba hiyo kwa viboko, na malipo yake hayakulingana na jasho lao. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898.

Gavana Götzen alitafuta chanzo kwa waganga na dawa yao ya maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, lakini vita vilizidi kuenea hadi Songea. Ndipo askari walipochoma vijiji, mashamba na maghala. Wanahistoria wengine hukadiria waliokufa kufikia 300,000, wengi wao kwa njaa.

Sisi wa Dodoma tunaijua njaa iachwayo na majeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Wagogo. Mvua zilipokosekana, ikaja Mtunya, njaa ambayo wazee wetu hawakuisahau.

Sisi Walutheri tuna jambo la kuungama. Injili tuliipokea kwa mikono ya Wajerumani, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Tunakumbuka pia kwamba Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa Agosti 1905, na damu yao ilikuwa damu isiyo na hatia. Hata hivyo, wamisionari wengi waliona katika maasi yale ushirikina tu. Viboko vya shamba la pamba hawakuviuliza. Katika Kutoka sura ya 3, Mungu husikia kwanza kilio cha watu kwa sababu ya wasimamizi wao.

Gavana Rechenberg, aliyeingia 1906, aliuacha mpango ule wa pamba ya lazima. Basi wakulima walikuwa na neno la haki, ila lilisikiwa baada ya makaburi. Na ombi la msamaha lilitolewa Songea na Rais Steinmeier wa Ujerumani tarehe 1 Novemba 2023, miaka 118 baada ya vita kuanza.

Ndugu zetu, watu wanapoinuka, wakubwa wa karibu na wa mbali huuliza nani kawachochea. Sisi tulioitwa kuchunga tuulize kwanza wanalia nini, tena tuulize mapema, ghala likiwa bado halijachomwa.