Kuacha sigara: siku tatu za kwanza usizipite peke yako

Msikilizaji wetu mmoja alitutumia ujumbe kwa simu. Aliacha sigara Jumatatu. Jumatano jioni alimfokea mke wake kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, akatoka na hasira hadi dukani, akanunua sigara moja. "Je, mimi sina nia?" alituuliza.

Nia anayo. Alichokosa ni kujua kinachotokea mwilini siku hizo, na mtu wa kumshika mkono.

Kwa nini siku ya pili na ya tatu?

Kinachomrudisha mvutaji kwenye sigara ni nikotini. Hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo huizoea hadi ukaanza kuidai. Ukiacha, nikotini karibu yote hutoka mwilini ndani ya siku 3 hivi. Hapo ndipo arosto hupanda: hasira za haraka, wasiwasi, kichwa kuuma, njaa, kukosa usingizi. Wengine hukohoa zaidi au hupata choo kigumu. Kwa wengi hali hii hupungua taratibu ndani ya wiki 2 hadi 4.

Wakati huohuo mwili unapona. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida.

Hamu inapokuja

Hamu ya sigara haikai kutwa nzima. Huja kama wimbi, hukaa dakika chache, kisha hushuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mambo 4: chelewesha, vuta pumzi ndefu polepole, kunywa maji, fanya jambo jingine. Pasua kuni, lisha mifugo, tafuna karoti.

Ondoa nyumbani sigara zote, vipisi na kiberiti cha mfukoni. Siku hizi za mwanzo kaa mbali na kijiwe cha wavutaji na pombe, maana wengi hurudia wakiwa wanakunywa.

Angalia na kahawa. Mvutaji huiondoa kahawa mwilini haraka. Ukiacha sigara, vikombe vilevile hukaa muda mrefu zaidi, ukatetemeka na kukosa usingizi. Punguza hadi nusu.

Na kuhamia ugoro si kuacha. Nao ni tumbaku, una nikotini, na huleta saratani.

Nani akusaidie?

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada, takriban 4 tu hufanikiwa. Ushauri wa mhudumu wa afya pamoja na dawa huongeza nafasi hiyo zaidi ya mara mbili.

Chagua mtu wako kabla ya siku ya kuacha: mke, kaka, jirani, au rafiki aliyewahi kuacha. Mwambie mapema: "Nikikasirika siku hizi tatu, ni arosto, si wewe."

Nawe msaidizi, mpigie simu jioni, tembea naye, msikilize. Usimpekue mifuko wala kumsema mbele ya watoto. Nanyi mnaovuta, msivute mbele yake, wala msimpe "pafu moja tu".

Nenda pia zahanati. Kuna nikotini ya kubandika kwenye ngozi na ya kutafuna, ambazo zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo tangu 2009. Zikikosekana, uliza hospitali ya wilaya. Ushauri peke yake nao husaidia. Mjamzito aulize kwanza kabla ya kutumia. Na kama unatumia dawa za pumu, kisukari au ugonjwa wa akili, mweleze mhudumu kwamba umeacha sigara, kwani huenda dozi ikahitaji kubadilishwa.

Ukiteleza

Sigara moja haifuti siku 2 ulizoshinda. Jiulize ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi, kisha anza tena leoleo bila kusubiri Jumatatu nyingine.

Hivyo ndivyo tulivyomjibu msikilizaji wetu: anza tena, na safari hii mama watoto ajue tangu siku ya kwanza.