Triptofani yatimiza miaka 125, na ugomvi wa madaktari juu ya mahindi

Mwaka 2026 triptofani inatimiza miaka 125 tangu Frederick Hopkins na Sydney Cole waitenge kutoka protini ya maziwa huko Cambridge. Habari zake zinaigusa kila nyumba ya Niboye, Kigali, inayosonga kawunga.

Hii ni asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima ije na chakula. Kwayo mwili hupata vitamini ya niasini, takriban miligramu 1 kwa kila 60 za triptofani, na serotonini na melatonini pia. Mahindi yana kidogo mno. Mwaka 1906 Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya zeini, protini kuu ya mahindi, wakafa. Walioongezewa triptofani waliishi zaidi.

Afrika ndiko ugomvi ulikopamba moto. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari wa watoto Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakabaki na uji wa mahindi: miguu inavimba, nywele zinapauka, ngozi inabambuka. Alisema huenda kuna asidi amino au protini inayokosekana. Hugh Stannus, aliyebobea katika pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, tangu alipokuwa Nyasaland, Malawi ya leo, akampinga: hiyo ni pelagra tu. Williams hakurudi nyuma. Pelagra huharibu ngozi inayopigwa na jua. Watoto aliowatibu walikuwa na madonda kwingineko. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, akauita kwashiorkor, jina alilolipata kwa akina mama wa kabila la Ga wenyewe, huko Gold Coast. Hata Hugh Trowell wa Uganda aliuita pelagra mwaka 1937, kisha akageuka, na mwaka 1954 yeye, Jack Davies na Rex Dean wakautolea kitabu kizima. Williams alikuwa ameona sawasawa, na shuleni kwetu hatajwi.

Mwaka 1945 watafiti wa Wisconsin walionyesha kuwa triptofani huziba pengo la niasini. Baadaye ikajulikana pia kwamba kwashiorkor, bwaki kwa Wanyarwanda, haina chanzo kimoja.

Rwanda ina impungure, mahindi na maharage katika chungu kimoja: maharage huongeza triptofani na lisini, asidi amino nyingine, ambazo mahindi hayana za kutosha. Uchunguzi wa 2019–20 ulikuta 33% ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mama anayepeleka mtoto kupimwa uzito angepaswa kuambiwa habari ya chungu hicho kabla ya kutajiwa unga wowote wa pakiti.