Safari ya Mwafrika kutoka tepe hadi nyota

Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, hakuja na kikosi cha Wajerumani watupu. Alipitia Cairo, akaajiri mamia ya Wasudani waliowahi kulitumikia jeshi la Misri, kisha akaongeza Washangani kutoka Msumbiji. Wasudani wale walikuja na vyeo vyao. Jeshi la Misri lilikuwa limefuata mfumo wa Waturuki, na ndivyo Bagamoyo na Pangani zilivyoanza kuwasikia ombasha, shaushi, betshaushi, sol na, juu ya wote, efendi.

Jeshi hilo lilipogeuzwa kuwa Schutztruppe, jeshi rasmi la koloni, mwaka 1891, Wajerumani waliviacha vyeo hivyo vibaki kwa Waafrika, na vya Kijerumani wakabaki navyo wenyewe. Jeshi moja, ngazi mbili. Ombasha alilingana na koplo, shaushi na sajenti, na tepe zao zilishonwa kwenye mkono wa shati. Efendi alihesabiwa kuwa afisa, lakini alikuwa chini ya kila Mjerumani, hata yule ambaye kwao hakuwa afisa. Mtu angeweza kupigana miaka ishirini, akavuka Rufiji na kupanda Iringa kwenye vita vya Mkwawa, na bado akampigia saluti kijana aliyeshuka melini juzi.

Waingereza walikuwa na utaratibu wao. King's African Rifles, KAR, iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni yao, na ndiyo iliyorithi Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hata baadhi ya askari waliompigania Mjerumani walijikuta ndani ya batalioni yake ya sita. Alama walizokuta huko ndizo mama wa alama tunazoziona leo katika majeshi ya Tanzania, Kenya na Uganda. Tepe moja ni koplo usu, mbili koplo, tatu sajenti. Nyota moja ni luteni usu, mbili luteni, tatu kapteni. Kwa Mwingereza, meja aliziacha nyota na kuvaa taji la mfalme. Luteni kanali akaongeza nyota moja chini ya taji, kanali mbili. Majenerali walivaa upanga na kirungu vilivyopishana.

Kwa nini tepe zikae mkononi na nyota begani? Mwenye tepe hupandishwa na wakubwa wake jeshini, na hao hao wanaweza kumvua. Mwenye nyota ana kamisheni, hati inayotoka kwa mkuu wa dola. Kwa hiyo kati ya mkono na bega hapakuwa na hatua moja tu ya kawaida. Katika KAR ndipo rangi ya ngozi ilipoamua: mkono ulikuwa wa Mwafrika, bega la Mzungu. Mwaka 1942 Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, alipata kamisheni ya jeshi la Uingereza, lakini KAR haikuufuata mfano huo. Maelfu ya askari wake walikwenda kupigana Burma chini ya maafisa Wazungu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukibisha hodi, wakoloni walilifufua jina la efendi. Kilikuwa cheo cha katikati, juu ya sajini meja na chini ya afisa kamili. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na mwaka 1961 akawa luteni. Cheo chenyewe hakikudumu, ila kimebaki vinywani: kila askari anayemwita mkubwa wake “afande” anakitaja.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, aliyepandisha bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda, mmoja wa maafisa wachache Waafrika wa Tanganyika Rifles, jeshi lililotokana na KAR. Wachache, kwa sababu jeshi la nchi huru bado liliongozwa na Brigedia Patrick Sholto Douglas na maafisa wenzake wa Kiingereza. Subira ya askari iliisha Januari 20, 1964. Katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maafisa hao, wakadai mishahara bora na Waafrika washike uongozi. Siku chache baadaye askari wa Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya, nao wakaasi. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuzima maasi, jambo lililomuuma sana, kisha akalivunja jeshi lile.

Njia waliyoitumia haikuwa halali, lakini dai la uongozi lilikuwa la haki. Jeshi jipya, JWTZ, lilizaliwa Septemba 1, 1964, na mkuu wake alikuwa Mrisho Sarakikya, aliyesomea Sandhurst. Mwaka huo aliuanza akiwa kapteni, na kabla haujaisha alikuwa brigedia. Taji la Uingereza halikuwa tena na nafasi kwenye bega la jamhuri. Nembo ya taifa ikashika mahali pake. Leo kijana anayehitimu chuo cha maafisa cha Monduli hutunukiwa kamisheni na Rais, Amiri Jeshi Mkuu, na kuanza na nyota yake moja.

Aliyeibeba historia hii yote alikuwa David Musuguri wa Butiama. Aliandikishwa KAR mwaka 1942, akawa mkufunzi Kahawa, Kenya. Mwaka 1979 aliongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda dhidi ya Amin, efendi yule wa zamani aliyekuwa sasa mtawala wa nchi hiyo, ambaye miaka minne kabla alikuwa amejivika cheo cha Fildi Mashali. Kampala ilianguka mwezi Aprili. Mwaka uliofuata Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi, na alipostaafu mwaka 1988 alikuwa jenerali.