Shule ya Waskoti na pesa za Kariakoo

Nimepotea kwa sababu niko BTP huku Iramba, Singida, na mtandao ni wa kuvizia. Juzi tulikuwa kwenye mada ya elimu ya kikoloni, dogo mmoja wa fomu three akauliza: "Mwalimu, Wapresibiteri ndio akina nani?" Swali halali kabisa. Huku Iramba wamisionari waliofika miaka ya 1920 walikuwa Walutheri wa Augustana, kutoka Marekani. Wapresibiteri, yaani Waskoti, walijikita Nyasaland na Kenya.

Pale Kikuyu, karibu na Nairobi, walikaa mpaka sehemu ikaitwa Thogoto, ndiyo "Scotland" kwa matamshi ya Wakikuyu. Mwaka 1918 waliungana na Waanglikana wa CMS, Wamethodisti na AIM, wakaunda umoja wa misheni za Kiprotestanti. Huo umoja ndio uliozaa Alliance High School, iliyofunguliwa tarehe 1 Machi 1926 kwenye ardhi ya Waskoti. Wavulana tu! Mabinti walisubiri mpaka 1948 kupata ya kwao.

Sasa sikilizeni hapa. Sehemu ya pesa ya kuanzia ilitoka kwenye mfuko wa vita uliobaki, iwe kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwenye Carrier Corps. Mpango wa mwanzo ulikuwa chuo cha utabibu, baadaye ikawa sekondari. Carrier Corps ni wale wapagazi waliobeba mizigo ya Waingereza kuingia kwa Mjerumani, yaani hapa kwetu, wakafa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara wala si risasi. Dk. John Arthur, mmisionari wa hapo Kikuyu, mwaka 1917 aliongoza kikosi chake mwenyewe cha wapagazi. Jina la Kariakoo ya Dar limetoka hukohuko. Kwa hiyo mifupa iko Tanganyika, madarasa yako Kenya. Nilipowaambia, darasa lilikaa kimya, na hao si watu wa kukaa kimya.

Mkuu wa kwanza alikuwa G. A. Grieve, halafu Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge, kuanzia 1940 hadi 1962. Mkali huyo! Walitaka vijana watiifu wa kutumikia. Walichopata ni akina Oginga Odinga, na Eliud Mathu, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kwenye baraza la kutunga sheria la Kenya, 1944. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia 1955, katikati ya hali ya hatari. Likizo ya kwanza alirudi nyumbani Limuru akakuta kijiji chao kimebomolewa. Ndani ya uzio anasoma Shakespeare, nje nyumba hakuna.

Leo Alliance ni ya serikali. Kwetu shule nyingi za misheni zilitaifishwa kwa sheria ya 1969. Dogo kaniuliza kama wapagazi wetu nao walijengewa shule. Nyie wa historia hapo kampasi, nisaidieni, kipindi ni Jumatatu.