Dawa, Magadi na Tindikali: Maneno ya Bwawa la Maji ya Chumvi

Huko Igawa, wilayani Mbarali, ukingoni mwa Mto Mbarali, neno bwawa humkumbusha mtu mpunga wa Usangu kabla ya kumkumbusha kuogelea. Hata hivyo ni huko tulikoombwa kufasiri maelekezo ya kutunza bwawa la kuogelea la nyumbani, lenye maji ya chumvi. Mtunzaji wake alikuwa na neno moja tu kwa kila kilichokuwamo stoo: dawa. Dawa ya unga, dawa ya maji, dawa nyeupe. Usemi huo hutosha mpaka siku dawa mbili zitakapotiwa ndoo moja. Klorini ya unga ikikutana na tindikali hutoa gesi ya sumu iwezayo kuua.

Yafaa basi tuyatazame maneno yenyewe yalikotoka. Chumvi ni neno la zamani, na kazi yake huku kusini ni ya zamani vilevile: katika chemchemi za Ivuna, bonde la Rukwa, watu walichemsha maji ya chumvi karne nyingi kabla ya kuja wakoloni. Lakini chumvi siyo inayosafisha bwawa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya bwawa hili ina gramu 3 au 4 tu. Umeme ndio huitengua chumvi hiyo ikatoka klorini, ambayo huua vijidudu. Scheele aliitengeneza klorini mwaka 1774, na Davy akaipa jina mwaka 1810 kwa neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya kijani na manjano. Sisi tumeliongezea irabu, basi.

Mtambo ukifanya kazi, maji huelekea upande wa alikali. Wako wafasiri waionao alikali kuwa ya Kizungu, kumbe Wazungu waliipata kwa Waarabu, walioliita hivyo jivu la mimea. Kwa mtunza bwawa tunapendelea magadi, maana kila apikaye maharage anayajua. Kuyarudisha maji hutiwa tindikali. Vitabu vya shule husema asidi, na hatuna ugomvi navyo. Ila kwenye chupa tindikali ni bora, kwa kuwa umma umekwisha kuliogopa neno hilo.

Neno lililotusumbua zaidi ni lile la hali ya kemikali kutozidiana. Tulipoandika usawa, msomaji wetu wa kwanza alielewa kwamba tindikali na magadi vitiwe kwa vipimo sawa! Mizania ni ya wahasibu. Tukachukua urari, neno ambalo wachumi wamekwisha kulizoea katika urari wa malipo: urari wa maji ni hali inayopimwa, haigawanywi nusu kwa nusu. Kipimo chenyewe, pH, kilibuniwa na Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909. Saba ni katikati, na bwawa hutakiwa liwe kati ya 7.2 na 7.8. Herufi hizo mbili tumeziacha zilivyo, maana ndizo zilizochapwa kwenye vifaa vya kupimia.

Juu ya chupa tuliandika: “Tindikali. Imwage ndani ya maji, usimwage maji ndani yake. Usiichanganye na klorini.” Neno dawa tulilifuta.