Uvimbe wa Taya wa Mulago na Historia ya Kinga Iliyochoka

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dkt. Hugh Trowell, yule aliyeandika sana juu ya unyafuzi, alimwita mwenzake wa idara ya upasuaji aje amwangalie mtoto wodini. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini, na meno yamelegea hadi kutoka katika safu zake. Mpasuaji huyo, Denis Burkitt, alikuwa amekwisha kuona taya zilizovimba, lakini za upande mmoja. Usaha wa jino hauenei pande zote nne za kinywa kwa mpigo, na saratani alizosomea hazikuwa na tabia hiyo. Akampiga mtoto picha, akaandika alichoona, akabaki na swali.

Wiki chache baadaye alikwenda kuzungukia wagonjwa Jinja. Alipotupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi kwenye majani pamoja na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka nje kumpima. Uvimbe ulikuwa pande zote nne za taya, na alipompapasa tumbo akakuta mwingine humo ndani. Hapo Burkitt akaanza kupekua majalada ya wagonjwa na kuuliza kila daktari aliyekutana naye.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliacha kumbukumbu zinazotaja watoto wenye uvimbe wa namna hiyo, na wazazi wa vijiji vya Uganda walikuwa wakiwazika watoto hao muda mrefu kabla daktari yeyote hajaupa jina. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha taya za huyu na tumbo la yule. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala kuhusu wagonjwa 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na hakuna aliyeshtuka sana. Wataalamu wa maabara wa Kampala, Greg O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha kwamba hiyo ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto walizozipokea zilikuwa hiyo hiyo moja. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Naieleza historia hii kwa sababu sijui nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi, na jinsi inavyochoshwa. Na ni historia ya huku kwetu. Ilianza Kampala na Jinja, ikapita Nairobi, Arua, Unguja na Shirati kabla ya kuingia katika vitabu vya dunia nzima.

Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, alianza na ramani. Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza kama wameona ugonjwa huu. Kila jibu la ndiyo akalichomekea pini ukutani. Ukatokea mshipi unaopita katikati ya bara, wenye mkia unaoteremka pwani ya mashariki kuelekea kusini. Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa pauni 250, ili wautafute ukingo wa mshipi huo. Walisafiri wiki 10 na maili zipatazo 10,000, wakipita Kenya, Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali kuuliza swali lile lile.

Jibu lilifuata mwinuko wa nchi. Karibu na Ikweta, watoto waliokaa juu ya futi 5,000 hawakuugua, na kadiri msafara ulivyosogea kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka kuelekea usawa wa bahari. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliyewajua mbu kuliko wengi, akatambua kwamba mpaka huo ulikuwa wa joto na mvua kwa kweli. Mahali penye baridi sana au ukavu sana, uvimbe haukuwapo. Mbu hufuata masharti hayo hayo. Watu wakadhani kuna kirusi kinachoenezwa na mbu, na hapo walikuwa wamepata nusu ya ukweli.

Nusu nyingine ilianza kupatikana London kabla hata ya safari ile. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameamua kuacha kazi aliyokuwa nayo. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe kutoka Kampala visafirishwe kwa ndege ya usiku hadi London. Kwa karibu miaka miwili Epstein alitazama vipande hivyo kwa hadubini ya elektroni bila kuona chochote.

Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilipofika maabara jioni, majimaji yake yalikuwa na utando wa weupe, kama yameoza. Mtu mwingine angeyamwaga. Epstein akachukua tone akaliweka chini ya hadubini ya kawaida, akakuta weupe ule ni chembe hai za uvimbe zilizobanduka njiani, zinaelea. Kwa mara ya kwanza chembe hizo zikakubali kuota katika chupa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari, akaziweka chembe hizo chini ya hadubini ya elektroni, na katika sehemu ya kwanza aliyotazama akaona virusi. Alihofu mwale wa mashine usije ukaviunguza, akaizima, akatoka nje kuzunguka mtaa katika theluji bila koti ili atulie. Mwezi Machi 1964 yeye na wenzake Bert Achong, aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr wakatangaza habari hiyo. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kisha likaja fumbo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Mume na mke Werner na Gertrude Henle, huko Philadelphia, walipopima damu za watu mbalimbali walikuta kingamwili dhidi ya kirusi hicho kila walikotazama. Mfanyakazi mmoja wa maabara yao, ambaye damu yake haikuwa na kingamwili hizo, aliugua homa ya tezi, na alipopona zikawamo. Kumbe kirusi cha Mulago kilikuwa kimeenea duniani kote. Zaidi ya watu 9 katika kila 10 wazima wanacho, na huku kwetu watoto wengi hukipata kwa mate kabla ya kutimiza miaka mitatu, bila hata kuugua. Inaelekea unacho wewe unayesoma hapa. Kwa nini basi hatuna sote uvimbe wa taya?

Hatuna kwa sababu tunalindwa. Kirusi hiki huingia katika seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, na huziamuru zizaliane bila kikomo. Mwili hujibu kwa seli T, zinazopita kama sungusungu wa kijiji, zikikagua kila seli na kuiua ile inayobeba alama za mgeni. Katika wiki za mwanzo vita huwa vikali. Kwa kijana wa Ulaya anayekipata akiwa na umri wa miaka 17, tezi zilizovimba na uchovu wa mwezi mzima husababishwa zaidi na mapigano hayo ya kinga kuliko na kirusi chenyewe. Hatimaye seli nyingi zilizoambukizwa huuawa. Chache hubaki, kirusi kikiwa kimejificha ndani yake bila kutoa alama. Mwili haukifukuzi kamwe. Hukidhibiti kila siku, mpaka kifo.

Udhibiti huo unaweza kuvunjwa, na huku kwetu mvunjaji ni malaria. Mwaka 1964 Mmarekani Gilbert Dalldorf, akichunguza pamoja na wenzake wagonjwa wa Kenya, aliona kwamba ramani ya uvimbe na ramani ya malaria kali inayodumu mwaka mzima zinalingana. Unguja na Pemba zilikuwa ushahidi mkubwa: joto lipo, mvua ipo, lakini kampeni ya kupambana na malaria ilikuwa imepunguza vimelea, na uvimbe ulikuwa haba. Malaria ya mara kwa mara huitesa kinga kwa namna mbili. Huzichokoza seli B zizaliane kwa wingi usio wa kawaida, na mwaka 1984 Hilton Whittle na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa wa Gambia, kwamba wakati wa malaria seli T hupoteza uwezo wa kuzizuia seli B zenye kirusi. Katika kuzaliana huko kwa pupa makosa hutokea. Kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujipachika kwenye ya 14, jeni iitwayo MYC huwashwa na haizimiki. Uvimbe unaozaliwa hapo unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Haya hayakujulikana kwa kukaa maabara tu. Katika wilaya ya West Nile, Uganda, timu ya Guy de-Thé ilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 kuanzia mwaka 1972, ikaihifadhi, ikangoja. Watoto 14 wa kwanza walipougua, damu yao ya zamani ikatolewa. Kingamwili zao dhidi ya kirusi zilikuwa nyingi kuliko za wenzao muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana, kumaanisha kwamba kinga ilikuwa inahemewa tangu zamani. Nchini Tanzania, huko Mara Kaskazini ambako Hospitali ya Shirati iliwatibu wengi wa watoto hao, watafiti waligawa vidonge vya klorokwini kwa watoto kati ya mwaka 1977 na 1982. Malaria ilipungua, na wagonjwa wa uvimbe wakapungua pia. Lakini upungufu huo ulikuwa umeanza kabla ya vidonge, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa, kwa hiyo waandishi wenyewe walikataa kudai ushindi. Nawaheshimu kwa uaminifu huo.

Tiba nayo ilikuwa na la kusema kuhusu kinga. Wapasuaji walikuwa hawana wanachoweza kwa uvimbe ulioshika taya zote. Burkitt mwenyewe huko Mulago, na Peter Clifford huko Nairobi, wakajaribu dawa mpya za saratani, na uso wa mtoto ukawa unarudi katika sura yake ndani ya siku chache. La kushangaza ni kwamba baadhi ya watoto walipona moja kwa moja baada ya dozi moja tu ya dawa, dozi ambayo kwa hesabu isingeweza kuua kila seli ya saratani. Wengi wakaamini kwamba dawa iliupunguza mzigo, na kinga ya mtoto ikaumalizia. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo cha kutibu limfoma hapo Mulago, ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler. Alipoondoka mwaka 1972, enzi ya Idi Amin, usukani ulishikwa na Mganda Charles Olweny, aliyeendelea kutibu katika miaka ambayo hata dawa za kawaida zilikuwa tabu kupatikana. Jina la Olweny lilistahili kujulikana na watoto wa shule.

Miaka kumi baada ya kuondoka Kampala, Ziegler akiwa San Francisco aliwaona vijana wa kiume wenye saratani iliyofanana sana na ya watoto wa Mulago. Ulikuwa mwaka 1982, mwanzoni mwa ukimwi. Hapo kinga ilikuwa inavunjwa na VVU badala ya malaria. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, waliofuatilia askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walikuta kwamba kupata kirusi cha Epstein-Barr kunaongeza mara 32 hatari ya ugonjwa sugu ambamo kinga hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Safari hii kosa ni la kinga yenyewe: baadhi ya kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kirusi hugusa pia protini ya mwili inayofanana nacho. Maambukizi ya utotoni na ugonjwa sugu wa utu uzima, ambavyo vitabu vyetu vilizoea kuviweka katika sura tofauti, hapa ni habari moja.

Lakini inaniuma kwamba watoto ambao miili yao ilifundisha haya ndio wanaonufaika kidogo. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Huku kwetu ni karibu nusu, na mahali pengine chini ya hapo, kwa sababu wanafika wamechelewa, baada ya kung'olewa jino hapa, kupewa dawa ya usaha pale, na kuzungushwa wiki nyingi. Kwa uvimbe unaokua maradufu kwa siku mbili, wiki ni muda mrefu mno.

Basi mzazi, mtoto wako akivimba taya au tumbo na uvimbe ukaongezeka kwa siku, au meno yakalegea bila sababu, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya jino peke yake. Mpeleke hospitali ya mkoa au ya rufaa wiki hiyo hiyo, na uombe kipande cha uvimbe kichukuliwe kikapimwe. Dawa ipo, na ilijaribiwa kwanza hapa hapa kwetu.